Mitungi ya gesi, daftari la madeni na programu ya kujitengenezea

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwanamke wa biashara, nina maduka matatu ya gesi ya kupikia hapa Mwanza na vijana sita wa bodaboda wanaopeleka mitungi majumbani na kwa mama lishe. Oda zinaingia kwa simu na WhatsApp, malipo yanaingia kwenye lipa namba, madeni yako kwenye daftari, na hesabu ya stoo iko kichwani kwa aliye zamu. Fundi mmoja amenitajia shilingi milioni sita kunitengenezea mfumo. Mtoto wa dada yangu, yuko chuo, anasema siku hizi kuna huduma za mtandaoni unaziunganisha tu bila kuandika hata mstari mmoja wa programu, na ameshaanza. Nimekutumia picha ya jedwali lake. Mimi kompyuta najua Excel kidogo. Hili jambo linawezekana kweli au ananipotezea muda?

JIBU: Njema, dada. Linawezekana, na sehemu kubwa mtaifanya wenyewe, wewe na kijana wako. Kuna kipande kimoja, kile kinachogusa malipo, ambacho ningependa umlipe fundi, na nitakueleza kwa nini nakata hapo.

Tuanze na hizo huduma ni kitu gani. Kampuni yenye kompyuta zinazofanya kazi fulani, tuseme kutuma meseji, kuhifadhi majedwali, kupokea malipo au kuonyesha ramani, inaweza kufungua mlango ambao programu za watu wengine hupita kuomba kazi hiyo ifanyike. Mlango huo huitwa API. Ombi linakwenda kwa mpangilio uliokubaliwa na jibu linarudi kwa mpangilio uliokubaliwa. Salesforce, kampuni ya mifumo ya kusimamia wateja, na eBay, soko la mtandaoni, walifungua milango ya namna hiyo mwaka 2000. Huku kwetu, Africa's Talking ya Nairobi inauza mlango wa SMS na USSD (zile menyu za simu za kubonyeza nyota na reli), na mwaka 2017 Safaricom walizindua Daraja, mlango wa M-Pesa ya Kenya. Milango yote hiyo ilichongwa kwa ajili ya waandishi wa programu. Zana anazokuambia kijana, kama Zapier, Make au AppSheet, zimekaa katikati: wewe unachagua kwenye skrini "hili likitokea, fanya lile", zenyewe ndizo zinazobisha hodi kwa niaba yako.

Kwa hiyo hajakudanganya. Alichosahau kukuambia ni kwamba kuunganisha ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuamua nini hasa kinaandikwa, na hapo hakuna zana itakayokusaidia, wala fundi wa milioni sita hawezi kukufanyia bila kukaa na wewe. Unayeijua biashara ya gesi ni wewe.

Nimeangalia picha ya jedwali. Kila mteja ana mstari mmoja, na safu tano: jina, simu, mitungi, deni, maelezo. Mteja akilipa, kijana anafuta deni la zamani na kuandika jipya. Jedwali hilo litakuletea ugomvi. Chukua mama lishe mwenye deni la 60,000. Jumatatu amelipa 20,000, dukani wamefuta 60,000 wakaandika 40,000. Wiki inayofuata anasema alilipa 30,000. Utamwonyesha nini? Daftari lako la karatasi lilikuwa bora kuliko hapo, maana lilibaki na mstari uliokatwa kwa kalamu na tarehe pembeni.

Kanuni ni kwamba usiandike salio, andika tukio. Salio litajumlishwa na kompyuta kutoka kwenye matukio, kila unapolihitaji. Tukio likishaandikwa halifutwi. Kama lilikosewa, linaandikwa tukio jingine la kulirekebisha, na jina la aliyerekebisha linabaki. Wahasibu wamefanya hivi karne nyingi kabla ya kompyuta, lakini watu wakipewa jedwali la mtandaoni wanaisahau kanuni hiyo siku ya kwanza, kwa sababu kufuta ni rahisi mno.

Sasa biashara yako ina jambo ambalo muuza sukari hana. Mteja anaweza kuwa na madeni mawili kwa mara moja: deni la pesa na deni la mtungi. Wa kawaida anakuja na mtupu anaondoka na mzima, mmekwisha. Mgeni ananunua mtungi pamoja na gesi. Mama lishe unayemwamini anachukua mzima leo, mtupu atauleta kesho, na pengine atakuletea wa kampuni nyingine. Ukiweka yote haya kwenye safu moja iitwayo "mitungi" huwezi kuyatenganisha tena.

Mimi ningepanga hivi. Mtungi daima uko mahali fulani: kwa msambazaji, kwenye duka lako mojawapo, kwenye bodaboda, au kwa mteja. Kila tukio la mtungi ni safari kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Mstari wa jedwali unabeba tarehe na saa, umetoka wapi, umekwenda wapi, ni wa kilo ngapi na wa kampuni gani, ulikuwa mzima au mtupu, na nani ameandika. Ukipeleka mzima na kurudi na mtupu, hizo ni safari mbili, mistari miwili. Mgeni aliyenunua mtungi kabisa, safari yake inawekewa alama ya "ameuziwa" ili isihesabiwe kama deni. Kwa mpango huu hesabu ya stoo ya duka na hesabu ya mitungi inayodaiwa kwa mteja ni hesabu ileile: vilivyoingia mahali hapo kutoa vilivyotoka. Unayejua Excel kidogo, fomula ni SUMIFS, inayojumlisha mistari inayotimiza masharti uliyoweka, basi. Na mzigo unaohama kutoka duka moja kwenda jingine, ambao nina hakika ndio unaokuchanganya kila mwisho wa mwezi, haupotei tena njiani.

Majedwali yatakuwa manne: wateja, bidhaa na bei, safari za mitungi, na pesa. Katika la pesa, mauzo ni mstari na malipo ni mstari, na kila malipo yanabeba namba ya muamala kutoka kwenye meseji. Weka pia safu mbili tofauti, ya mteja anayelipiwa na ya namba ya simu iliyolipa. Mume atalipia mtungi wa mke, mama lishe atalipa kwa simu ya binti yake. Mfumo unaodhani mlipaji na mteja ni mtu mmoja utakuwa na malipo yasiyo na mwenyewe kabla ya wiki kuisha.

Namba za simu nazo zina balaa lake. Jedwali likidhani 0754 ni tarakimu za kuhesabu, litakula sifuri ya mbele. Halafu mtu mmoja ataandika kwa kuanza na 0, mwingine na 255, mwingine na +255, na mteja mmoja atakuwa wateja watatu. Ifanye safu hiyo kuwa ya maandishi, chagua mtindo mmoja, nami nakushauri 255 bila alama ya kujumlisha. Sababu utaiona nikifika kwenye WhatsApp. Na kila mteja mpe kitambulisho kinachotengenezwa na zana yenyewe. Usitumie namba ya mstari, maana mtu akilipanga jedwali upya kwa alfabeti, madeni yatahamia kwa majirani.

Mkishafika hapo, skrini za simu ni kazi ya siku chache. Kwa hali yako ningeanza na Google Sheets, majedwali ya mtandaoni ya Google, chini na AppSheet juu yake. AppSheet ilinunuliwa na Google mwaka 2020. Unaielekeza kwenye majedwali yako, yenyewe inajenga fomu na orodha, kisha unairekebisha. Nimeichagua kwa sababu moja kubwa: kijana wa bodaboda akiwa mahali mtandao umekata, au bando limeisha, anaendelea kuandika, na simu inatuma ikipata mtandao. Hapo utaona faida nyingine ya kuandika matukio. Vijana wawili wakibadilisha mstari mmoja wa salio wakiwa nje ya mtandao, mmoja atafuta kazi ya mwenzake. Wakiongeza mistari mipya, kila mmoja wa kwake, hakuna kinachogongana.

Fomu ya kijana wa bodaboda isizidi vitu vitano vya kujaza, na vingi viwe vya kuchagua kwenye orodha, si kuandika. Tarehe, saa na jina lake vijijaze vyenyewe. Nimeona mifumo mizuri ikifa kwa sababu fomu ilikuwa na maswali kumi na nne na dereva amesimama juani na mtungi wa kilo 15 begani.

Kuhusu WhatsApp, kijana atataka ijibu wateja yenyewe. Mwambie asubiri. Mlango rasmi wa WhatsApp kwa biashara una masharti: ukitaka kumwanza mteja wewe, au saa 24 zikipita tangu aandike mara ya mwisho, unatuma tu ujumbe wa kiolezo kilichokwisha kuidhinishwa. Ni kazi, na kwa maduka matatu hailipi. Kuna njia ya bure ambayo wengi hawaijui. Kiungo kinachoanza na wa.me/, kikafuatiwa na namba ya mteja kwa mtindo wa 255, kisha ?text= na maneno, kikibonyezwa kinafungua mazungumzo ya WhatsApp na mteja huyo, ujumbe umeshaandikwa. Jedwali linaweza kujijengea kiungo hicho kwa kila mteja: "Habari, tumepokea shilingi 20,000, salio lako ni 40,000, unadaiwa mtungi 1 wa kilo 15." Msichana wa dukani anabonyeza, anasoma, anatuma. Macho ya mtu yamepita juu ya ujumbe kabla haujaondoka, nami naona hiyo ni faida, si upungufu.

Sasa pesa, kipande nilichosema. Zipo programu za simu zinazosoma meseji za malipo na kuzipeleka moja kwa moja kwenye jedwali. Vijana wanazipenda sana. Meseji ya malipo inaweza kughushiwa, na wewe unayeuza unazijua hizo meseji za uongo kuliko mimi. Ukiiacha mashine iamini kila meseji yenye neno "imethibitishwa", umemwajiri mtunza fedha asiyetazama noti. Meseji itumike kama taarifa ya kwamba huenda kuna malipo. Uthibitisho ni orodha ya miamala ya lipa namba yako, unayoitazama kwenye akaunti ya biashara, na kila jioni mtu mmoja analinganisha orodha hiyo na jedwali. Namba ya muamala ikitokea mara mbili kwenye jedwali, zana iikatae. Mpangilio huo ni mdogo na unazuia wizi wa aina nyingi, ukiwemo wa ndani.

Siku utakapochoka kulinganisha kwa mkono, ndipo unahitaji mlango rasmi wa malipo, kutoka kwa kampuni ya simu au kwa kampuni inayounganisha mitandao yote. Watakutaka nyaraka za biashara, TIN na mkataba. Ukikubaliwa, kila malipo yakiingia kompyuta yao inaibishia hodi ya kwako na kuitaarifu. Inaonekana kitu cha kuunganisha kwa mibonyezo mitatu, na kwenye majaribio kitakubali. Shida inaanza kazini. Taarifa inaweza kuchelewa, mteja amesimama kaunta. Inaweza kuja mara mbili, kwa sababu kompyuta yao haikupata jibu la kwako kwa wakati ikarudia. Inaweza isije kabisa, na pesa imeingia. Juu ya hayo, anwani inayopokea taarifa iko wazi mtandaoni, na mtu akiijua anaweza kuipelekea taarifa ya uongo ikiwa hakuna ukaguzi wa nani ametuma. Zana za kubonyeza zinakuonyesha ile njia ambayo kila kitu kimekwenda sawa. Hizo njia nyingine nne ndizo kazi ya fundi.

Kwa hiyo ukimwita fundi usianze kumuuliza ametengeneza mifumo mingapi. Muulize: taarifa ya malipo ikija mara mbili, mfumo wako utafanya nini? Akijibu "haiwezi kutokea", mshukuru na umsindikize. Akianza kukuuliza kuhusu namba ya muamala, endelea kuzungumza naye.

Gharama. "Bure" ya kijana wako ina ukingo, na kila zana ina ukingo wake. AppSheet inakuruhusu kujaribu bila malipo na watumiaji hadi 10, lakini ukianza kuitumia kikazi inatoza kwa kichwa, kwa dola, kila mwezi. Zapier inahesabu vitendo, na ngazi yake ya bure ni vitendo 100 kwa mwezi. Fanya hesabu kabla ya kuipenda: oda 40 kwa siku, kila oda ikichochea vitendo vitatu, ni vitendo 3,600 kwa siku 30. Vya bure vitakwisha siku ya kwanza kabla ya jua kuzama. Ndiyo maana nakuambia miunganisho ya zana iwe michache. Kinachoweza kufanywa na fomula ndani ya jedwali kifanywe humo, usikitume kikazunguke kwenye kompyuta za watu na kurudi. Na kwa kuwa malipo ni ya kadi, hakikisha kadi ina salio siku ya kukatwa. Ni aibu biashara nzima kusimama Jumamosi asubuhi kwa sababu ya dola chache.

Nisikufiche jingine: zana hizi hufa. Mwaka 2007 Yahoo walitoa Pipes, ambayo watu wasiojua programu waliitumia kuunganisha vyanzo vya mtandaoni kwa kuchora mabomba kwenye skrini. Ilipendwa, na mwaka 2015 ikafungwa. Microsoft walitoa Popfly mwaka huohuo wa 2007, mwaka 2009 haipo. Google wenyewe walikuwa na App Maker, wakaizima Januari 2021. Facebook waliinunua Parse, huduma ya kuhifadhi data za programu za simu, mwaka 2013, na Januari 2017 ikafungwa. Kampuni kubwa, zana nzuri, na waliojenga biashara juu yake wakapewa tarehe ya kuhama. Jedwali la kawaida, ambalo lilianza na VisiCalc mwaka 1979, limewapita wote, na hii ndiyo sababu nyingine inayonifanya nikuwekee data zako kwenye majedwali. Kila Jumapili mtu apakue majedwali yote manne kama faili za CSV (maandishi matupu yanayofunguka kwenye programu yoyote ya majedwali) na kuzihifadhi kwenye diski iliyoko nyumbani kwako. AppSheet ikifungwa kesho, utakuwa umepoteza skrini. Madeni yako yatakuwa salama, na skrini nyingine itajengwa juu ya majedwali yaleyale.

Jambo la kuuliza leo hii kabla hujalala: jedwali la kijana limefunguliwa kwa barua pepe ya nani? Kama ni yake, hamishia umiliki kwenye akaunti ya biashara, yenye namba yako ya simu kwa ajili ya kurejesha neno la siri. Simsemi vibaya. Atamaliza chuo, atapata kazi Dodoma, atabadilisha simu, na daftari lako la madeni litaondoka naye. Na aangalie mipangilio ya kushirikisha. Jedwali lililowekwa kwamba yeyote mwenye kiungo anaweza kulifungua ni majina, simu na madeni ya majirani zako yaliyoachwa barabarani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Vijana wa bodaboda waone mteja wanayempelekea mzigo, anakokaa na simu yake. Deni lake la miezi mitatu haliwahusu.

Risiti za EFD zinabaki palepale. Huu ni mfumo wako wa ndani, TRA hawautambui kama risiti, na asije mtu akakuambia vinginevyo.

Kuhusu hiyo milioni sita, siwezi kusema ni ghali au rahisi kwa sababu hukuniambia anakuuzia nini, na nadhani hata yeye hajakuambia. Usimkatae bado. Anzeni na duka moja, lile lenye msimamizi mwaminifu kuliko wote, daftari na simu vikienda pamoja kwa mwezi mmoja. Kila mwisho wa wiki linganisheni viwili hivyo, na palipotofautiana tafuteni sababu, kwa kuwa mara nyingi hapo ndipo tukio fulani halikuwa na mahali pa kuandikwa: mtungi uliorudishwa unavuja, gesi uliyompa mwenyekiti wa mtaa bure, mtungi wa kampuni nyingine uliopokelewa kwa bahati mbaya. Yaongezeni. Mwezi ukiisha mpelekee fundi majedwali manne yaliyokwisha kufanya kazi, na umwombe bei ya kitu kimoja tu, kuunganisha mlango wa malipo na jedwali la pesa, pamoja na matengenezo ya mwaka. Hapo atakuwa anakadiria kazi anayoiona kwa macho. Ukipata bei hiyo niandikie, na uniambie alijibu nini ulipomuuliza kuhusu taarifa inayokuja mara mbili.